Kwa nini kwale wa Udzungwa anaitwa mgeni

Kila habari za misitu ya Udzungwa zinapoandikwa, ziwe za hifadhi, za utalii au za utafiti, hujitokeza maneno mawili yaliyokaa katikati ya Kiswahili kama mwiba wa samaki kwenye wali: *Xenoperdix udzungwensis*. Wengi huyaruka na kuendelea kusoma. Wengine hukwama hapo na kuuliza maswali yenye mantiki kabisa. Hicho ni Kiingereza? Kwa nini neno la kwanza limeanza kwa herufi kubwa, na la pili, ambalo ndilo lenye jina la mahali, limeanza kwa herufi ndogo? Na kama ndege mwenyewe ni kwale na anaishi Udzungwa, si aitwe kwale wa Udzungwa yaishe?

Anaitwa hivyo pia, na aitwaye hivyo hajakosewa. Lakini jina lile gumu lina kazi ambayo jina jepesi haliwezi kuifanya. Tena lina maana inayosomeka, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuielewa kwa urahisi kuliko anavyodhani. Neno la kwanza maana yake ni "kwale mgeni". La pili maana yake ni "wa Udzungwa". Kwangu hili ni mojawapo ya majina mazuri zaidi waliyowahi kupewa ndege wa Tanzania, na pia ni mojawapo ya yale yanayoweza kupotosha, kwa kuwa huyo anayeitwa mgeni ana dalili zote za kuwa mwenyeji wa siku nyingi sana.

Jina la ukoo na jina la mtu

Tuanze na tatizo ambalo majina ya kisayansi yalitungwa ili kulitatua. Ukisema "kereng'ende", watu wengi leo watamfikiria mdudu mwenye mabawa manne anayeelea juu ya madimbwi. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili, utakuta neno hilohilo likimtaja pia ndege wa jamii ya kwale mwenye miguu myekundu. Kanga ni ndege na ni vazi. Kwale ni ndege na ni kaunti nchini Kenya, na hata ukibaki kwenye ndege tu, neno "kwale" linabeba aina nyingi: wa nyikani, wa mashambani, wa milimani, wenye shingo nyekundu na wenye shingo ya njano. Hakuna kosa katika hilo. Lugha ya watu hukua kwa matumizi, na anayezungumza na jirani yake hujua wanamsema kwale gani. Shida huanza pale mtafiti wa Morogoro anapotaka kuwasiliana na mwenzake wa Japani, au sheria inapotaka kusema ni ndege yupi hasa asiyeruhusiwa kukamatwa.

Msweden Carl Linnaeus ndiye aliyeupa ulimwengu utaratibu tunaoutumia. Toleo la 10 la kitabu chake *Systema Naturae*, la mwaka 1758, limekubaliwa kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: kila aina ya kiumbe hupewa maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la viumbe walio ndugu wa karibu. La pili hutaja spishi, yaani aina moja mahususi ndani ya kundi hilo. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria daftari la mahudhurio shuleni ambalo jina la ukoo hutangulia na jina la mtu hufuata. Jenasi ni ukoo, spishi ni mwana mmoja wa ukoo huo.

Kunguru wanatuonyesha vizuri. Kunguru mwenye kifua cheupe tunayemwona karibu kila mahali Afrika Mashariki ni *Corvus albus*. Kunguru wa Bara Hindi, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa pwani nzima, ni *Corvus splendens*. Neno *Corvus* linakwambia papo hapo kwamba hawa ni wa ukoo mmoja, hata kama hujui neno jingine lolote la Kilatini. Maneno ya pili yanawatenganisha. *Albus* ni "mweupe", *splendens* ni "mwenye kung'aa".

Kwa hiyo hicho si Kiingereza. Ni Kilatini na Kigiriki cha kale, na mwanafunzi wa London huanza nayo akiwa mgeni kama mwanafunzi wa Mbeya. Kilatini kilichaguliwa kwa sababu ndicho wasomi wa Ulaya walichokuwa wakiandikia wakati ule, na kimebaki kwa sababu leo hakuna taifa linaloweza kusema ni lugha yao ya nyumbani. Hata hivyo kanuni hazikatazi maneno ya lugha nyingine. Katika msitu wa Ndundulu, ulio ndani ya Udzungwa kwenyewe, anaishi kima ambaye jina lake la kisayansi ni *Rungwecebus kipunji*. "Kipunji" ni neno la watu wa kandokando ya mlima Rungwe, na "Rungwe" imo humo pia. Ni *cebus* tu, linalotokana na neno la Kigiriki la kima, lililotoka mbali. Basi anayedhani majina haya hayana nafasi ya maneno yetu amtazame kipunji.

Mgeni kwa maana zote mbili

Sasa turudi kwa kwale. *Xenoperdix* ni maneno mawili ya Kigiriki yaliyoshonwa pamoja. *Perdix* ni kwale; ndilo jina ambalo Wagiriki wa kale walimwita ndege huyo, na hadi leo kwale wa mashambani mwa Ulaya anaitwa *Perdix perdix*. Sehemu inayonigusa ni *xenos*.

Wazungumzaji wa lugha nyingi za Ulaya wakilieleza neno *xenos* hulazimika kulipasua. Watasema lina maana ya mtu asiyejulikana, kisha waongeze kwamba lina pia maana ya mtu aliyekuja kukutembelea na anayestahili kukaribishwa. Kwao hayo ni maneno mawili tofauti. Kwetu ni neno moja: mgeni. Mgeni ni yule usiyemfahamu, na mgeni ni yule unayemwandalia chai. Kiswahili kinakwenda hatua moja zaidi, kwa sababu kutoka mzizi huohuo tunapata "jambo geni", yaani jambo la ajabu lisilozoeleka, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia zaidi waliolitunga jina hili. Ukitaka kulitafsiri *Xenoperdix* bila kupoteza chochote, "kwale mgeni" linatosha.

Kwa nini aonekane mgeni? Mtazame. Ana urefu wa karibu sentimita 29. Uso wake una rangi ya kutu, mdomo ni mwekundu, miguu ni ya njano, mgongo una mistari ya kahawia, na tumbo la kijivu lina madoa meusi. Anatembea chini ya msitu wa milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, akipekua majani makavu kutafuta wadudu na mbegu. Hadi hapo hakuna la kushangaza sana. Lakini hana kipi, ule mwiba mgumu wa nyuma ya mguu tunaouona kwa jogoo na kwa kwale wengi wa Afrika. Watafiti walipomlinganisha na kwale wengine wa bara hili hawakumpata ndugu yake. Walimpata mbali kabisa, kwenye vilima vyenye misitu vya Asia, katika jenasi iitwayo *Arborophila*.

Ndiyo maana alipewa ukoo wake mwenyewe. Hili lina uzito ambao msomaji wa kawaida anaweza asiuone. Kupata spishi mpya ya ndege ni jambo kubwa, lakini mara nyingi spishi mpya huingizwa kwenye ukoo uliopo, kama mtoto anayezaliwa kwenye familia inayojulikana. Kuunda jenasi mpya ni kukiri kwamba hakuna familia iliyopo inayomfaa. Mwaka 1994 jina lilipochapishwa katika jarida la *Ibis* na Lars Dinesen, Thomas Lehmberg, Jens Otto Svendsen, Louis Hansen na Jon Fjeldså, ukoo wa *Xenoperdix* ulikuwa na mwana mmoja tu duniani.

Kipande kidogo cha mwisho

*Udzungwensis* nalo linafunguka ukijua ufunguo mmoja, yaani *-ensis*. Kipande hiki cha Kilatini hubandikwa mwishoni mwa jina la mahali na maana yake ni "wa mahali hapo" au "mkaazi wa hapo". Kinafanya kazi inayofanana na ile ya M- na -i tunapotoka Zanzibar kwenda kwa Mzanzibari. Ukikijua, majina mengi sana yatakufungukia: *capensis* ni wa Rasi ya Tumaini Jema, *senegalensis* ni wa Senegal, na kadhalika.

Hapa pana jambo ambalo nadhani ni msemaji wa lugha ya Kibantu pekee anayeweza kulifurahia ipasavyo. Jina la milima hii linahusishwa na Wadzungwa, watu walioishi kwenye miteremko yake. Wao ni Wadzungwa, mahali pao ni Udzungwa, kwa mtindo uleule wa Wahehe na Uhehe, Wagogo na Ugogo. Kiambishi U- tayari kinasema "nchi ya". Kisha Kilatini kikaja nyuma na kubandika *-ensis*, kikasema tena "wa huko". Jina limetaja mahali mara mbili, mara moja kwa Kibantu mwanzoni na mara moja kwa Kilatini mwishoni, na katikati wamebaki wale watu wa miteremkoni.

Herufi ndogo ya mwanzo inasumbua wengi, maana shuleni tulifundishwa kwamba jina la mahali huanza kwa herufi kubwa. Katika jina la kisayansi la mnyama, kanuni ni moja na haina ubaguzi: neno la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo, hata liwe limetoka kwenye jina la mlima, la nchi au la mtu. Yote mawili huandikwa kwa mlazo. Likishatajwa kikamilifu mara moja unaweza kulifupisha kuwa *X. udzungwensis*. Wengine huongeza majina ya waliolichapisha na mwaka, yaani Dinesen na wenzake, 1994.

Kinachokosewa mara nyingi ni kutumia neno la pili peke yake, kana kwamba "udzungwensis" ni jina kamili. Silo, na ushahidi upo msituni humohumo. Mwaka 2008 alielezwa kisayansi mnyama mwenye pua ndefu wa jamii ya sange, mwenye uso wa kijivu, ambaye kamera za kujinasa zilimpiga picha kwanza katika misitu ya Ndundulu na Luhomero. Naye akaitwa *Rhynchocyon udzungwensis*. Ukisema "udzungwensis" tu, unamtaja kwale au sange? Ni sawa na kuita "Juma!" sokoni. Neno la pili halisimami bila ukoo wake.

Na matamshi? Hakuna mahakama ya matamshi. Sisi tuna bahati, kwa sababu irabu za Kilatini husomwa karibu sawa na za Kiswahili: a, e, i, o, u. Soma X kama "ks" au kama "z", yote yanakubalika. "Kseno-perdiks udzungw-ensis". Udzungwa wenyewe tunautamka vizuri kuliko wageni wanaoujia.

Miguu kwenye sufuria

Kuna kisa kinachosimuliwa kila anapotajwa ndege huyu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa. Inasemekana dalili ya kwanza waliyoipata ilikuwa jozi ya miguu ya ndege ndani ya sufuria, baada ya mlo. Miguu ile haikufanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Siku zilizofuata wakawaona ndege wenyewe wakiwa hai.

Kisa hiki husimuliwa kwa furaha, na ni kizuri kweli. Lakini kinatuonyesha pia namna neno "ugunduzi" linavyoeleweka vibaya. Wapo wanaokasirika wakisikia kwamba kwale wa Udzungwa "aligunduliwa" mwaka 1991, wakiuliza kama watu wa kandokando ya msitu walikuwa vipofu. Hasira yao naielewa. Ndege akishafika kwenye sufuria, maana yake kuna mtu aliyejua kumkamata na kujua kwamba analika. Vivyo hivyo kwa kipunji: watafiti walianza kusikia habari zake kwa wawindaji wa Rungwe kabla hawajamwona.

Neno sahihi zaidi ni kwamba alielezwa kisayansi. Kuelezwa ni tendo mahususi lenye masharti. Lazima maelezo yachapishwe mahali ambapo wengine watayaona. Lazima yaonyeshe anavyotofautiana na jamaa zake. Na lazima kitajwe kielelezo, yaani ndege halisi aliyehifadhiwa ambaye jina limefungwa kwake milele, ili kesho mtu akibisha aende akamwangalie. Jina la kisayansi si cheti cha kuwa mtu wa kwanza kumwona mnyama. Ni cheti cha kuandikishwa, kama vile cheti cha kuzaliwa kisivyomaanisha kwamba mtoto hakuwepo kabla karani hajashika kalamu.

Ningependa lakini, na nalisema kwa moyo wote, kwamba kila mnyama anapoandikishwa, jina analoitwa na watu wanaoishi naye liandikwe pembeni. Kipunji amepata bahati hiyo ndani ya jina lenyewe. Wengi hawajaipata.

Jina likibadilika

Malalamiko mengine ni kwamba wanasayansi hubadilisha majina ovyo. Mwaka 2005 kipunji alichapishwa kama *Lophocebus kipunji*. Mwaka uliofuata akawa *Rungwecebus kipunji*. Je, walikosea?

Angalia kilichobadilika na kilichobaki. "Kipunji" halikuguswa. Kilichobadilika ni ukoo, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hakuwa wa ukoo aliowekwa mwanzo. Jina la kisayansi limebeba dai ndani yake: dai la undugu. Dai likionekana si kweli, jina lazima lirekebishwe, la sivyo litaendelea kusema uongo. Kanuni hata zimeweka alama ya kumbukumbu: spishi ikihamishwa kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, majina ya waliolichapisha kwanza hutiwa ndani ya mabano. Ukiona mabano, jua huyu alihama.

Kwale wetu hakuhama ukoo, bali alipata ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ng'ambo ya bonde la mto Ruaha Mkuu, katika milima ya Rubeho, walipatikana kwale wanaofanana naye. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliwaeleza kama nususpishi, yaani kundi lenye tofauti kidogo ndani ya spishi ileile, wakawapa jina la tatu: *Xenoperdix udzungwensis obscurata*. Neno hilo maana yake ni "aliyetiwa giza" au "aliyefifishwa". Miaka miwili baadaye Rauri Bowie na Fjeldså walionyesha, kwa vinasaba na kwa maumbile, kwamba tofauti zinatosha kuwafanya spishi kamili. Orodha za ndege zimetofautiana kuhusu hilo, na hiyo ndiyo sababu utakuta mahali pamoja spishi moja ya *Xenoperdix* na mahali pengine mbili.

Ubishi huu unaweza kuonekana kuwa wa watu wa makumbusho tu. Sivyo. Kama ni spishi moja, kupotea kwa kwale wa Rubeho kungekuwa kupungua kwa ndege ambaye bado anaishi Udzungwa. Kama ni mbili, kwale wa Rubeho akiisha hakuna mwingine wake popote. Misitu ni ileile na miti ni ileile, lakini hesabu ya hatari hubadilika kwa sababu ya neno moja. Wote wawili wana makazi madogo, na wote wametajwa miongoni mwa ndege walio hatarini.

Halafu ukitafuta leo utakuta imeandikwa *obscuratus*, wakati mwanzoni ilikuwa *obscurata*. Si kosa la uchapaji. Katika Kilatini, kivumishi hufuata jinsia ya nomino, na walioshughulikia kanuni waliamua kwamba *perdix* katika majina haya ichukuliwe kuwa ya kiume. Mgeni wa Kilatini huona jambo hili kuwa usumbufu mtupu. Sisi tunalijua tangu utotoni, maana ndilo tunalolifanya kila siku kwenye ngeli: mti mzuri, kiti kizuri, gari zuri. Nomino ikihamia ngeli nyingine, kivumishi kinaifuata. *Udzungwensis* lenyewe halikubadilika kwa sababu mwisho wake ni uleule kwa kiume na kwa kike.

Majina yasiyosema kweli

Limebaki kosa moja la kuamini, nalo ni kubwa: kudhani kwamba jina la kisayansi ni maelezo ya kweli ya mnyama. *Corvus albus* ni "kunguru mweupe", na wewe umemwona kwa macho yako kwamba sehemu kubwa ya mwili wake ni nyeusi. Kirukanjia, ndege wa usiku anayekaa barabarani na kuruka gari likikaribia, yumo katika jenasi *Caprimulgus*, yaani "mkamua mbuzi", kwa sababu Ulaya ya kale iliamini kwamba hunyonya mbuzi usiku. Hajawahi kunyonya mbuzi yeyote. Linnaeus mwenyewe alimwita ndege mmoja mzuri wa New Guinea *Paradisaea apoda*, "asiye na miguu", kwa kuwa ngozi zilizofika Ulaya zilikuwa zimekatwa miguu na wafanyabiashara. Miguu anayo, na jina limebaki.

Limebaki kwa sababu jina la kisayansi si hukumu wala sifa. Ni anwani. Barabara inaweza kuitwa ya Mwembeni na mwembe wenyewe ulikatwa zamani. Barua bado zinafika. Jina likishachapishwa kwa kufuata kanuni, halifutwi kwa kuwa si kweli.

Wengine wamepewa majina ya watu. Katika milima ya Uluguru na jirani zake yupo ndege mdogo *Scepomycter winifredae*, aliyepewa jina na Reginald Moreau mwaka 1938 kwa heshima ya mkewe Winifred. *-Ae* ya mwisho inaonyesha kwamba mhusika ni mwanamke. Moreau naye, aliyefanya kazi Amani katika Usambara, anakumbukwa katika *Artisornis moreaui*, kwa *-i* ya mwanaume. Na huko Uluguru yupo mwingine aitwaye *Malaconotus alius*. Neno *alius* maana yake ni "mwingine", basi.

Hivyo *Xenoperdix* nalo lisomwe kama anwani, si kama ukweli kuhusu ndege. Lilitungwa na watu waliokuwa na mshangao, nalo limehifadhi mshangao wao. Undugu wake na kwale wa Asia unaelezwa na wataalamu hivi: zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ilienea kwa namna iliyowawezesha mababu wa kwale hawa kuwa Afrika na Asia. Nchi zilizo katikati zikakauka. Misitu ikakatika vipandevipande. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ikaendelea kupata mvua kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake ikadumu huku nyanda zilizoizunguka zikibadilika. Ndugu walio Asia wakabaki na misitu yao, huyu akabaki na yake.

Kwa maelezo hayo, kwale wa Udzungwa ni mabaki ya ukoo uliokuwa umeenea, aliyesalia mahali pake, yeye na nduguye wa Rubeho, wakati jamaa zao wengine walipotoweka katika bara hili. Waliokuwa wageni Ndundulu mwaka 1991 ni wale waliofika na mahema. Yeye alikuwepo mamilioni ya miaka, akipekua majani makavu.